Loji ya skii iliyobaki bila barafu

Mjomba wangu amepandisha watu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, miaka mingi, alianza kama mgumu wa kubeba mizigo akaja kuwa mwongoza watalii, saa hizi amepumzika yuko na migomba yake Marangu. Jumapili moja jioni tumekaa barazani kwake, baridi ya mwezi wa saba ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nikamwonyesha picha kwenye simu.

Picha ya nyumba. Imekaa ukingoni kabisa mwa mlima, kama ingesogea kidogo ingeanguka, na mbele ya madirisha yake hakuna kitu, mawe tu na changarawe ya kahawia mpaka chini. Nikamwambia mjomba, hii ilikuwa loji ya skii, iko Bolivia, mlima unaitwa Chacaltaya, hapo mbele palikuwa na barafu watu wanateleza, na hiyo barafu iliisha yote 2009.

Akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, akaiangalia muda mrefu kwa yale macho ya mtu anayetafuta njia kwenye mteremko. Akauliza kama kuna watu. Nikamwambia nilisoma kwamba kwa miaka mingi baada ya barafu kuisha kulikuwa na ndugu wawili wamebaki kuiangalia nyumba, wanafungua mlango mgeni akija, wanamchemshia chai.

"Sasa mjomba," akasema, "wanalinda nini?"

Mi sikuwa na la kumjibu.

Tukaongelea mengine, lakini hilo swali nimetembea nalo wiki kadhaa, nikawa nikimaliza kazi usiku nasoma habari za hiyo nyumba hadi macho yanauma. Sijawahi kufika Bolivia na sijui kama nitafika. Ila nimezaliwa chini ya mlima wenye barafu inayoisha, kwa hiyo nadhani mnaelewa kwa nini nyumba ya huko mbali imenikaa hivi.

Injini ya gari

La Paz, mji mkubwa wa karibu na mlima huo, wenyewe tu uko juu, kama mita 3,600, na mji jirani wa El Alto pale juu yake umevuka 4,000. Kwa hiyo ukiwa mtoto wa La Paz mlima si kitu cha kwenda kutalii, uko nao kila siku dirishani. Mwaka 1939 wapanda milima wa hapo wakawa na klabu yao, Club Andino Boliviano, na mwaka huohuo wakafunga kamba ya kuvuta watelezaji kwenye barafu ya Chacaltaya, kama kilomita 30 hivi kutoka mjini. Ilikuwa kamba ya kwanza ya aina hiyo Amerika Kusini nzima, na kilichokuwa kinaizungusha ni injini ya gari.

Injini ya gari, kwenye mita elfu tano na kitu, mahali ambapo hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pale Tanga au Mombasa. Injini nayo inahitaji hewa kama sisi. Nikawa namuwaza fundi, maana lazima alikuwepo fundi, mtu wa kuamka alfajiri kwenye ule ubaridi kuibembeleza ile mashine iwake ili vijana wa mjini wapande juu. Jina lake sijalikuta popote nilipopita.

Na barabara. Barabara nyembamba ya vumbi ya miaka hiyohiyo ya 1930, inakwenda kona kwa kona mpaka karibu na kilele, na kilele kiko mita 5,421. Hebu fikiria kwa vipimo vyetu: Kibo Hut, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, iko 4,720, unafika pale siku ya tatu au ya nne ya kutembea, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, na wagumu wamekubebea kila kitu. Wenzetu wa La Paz walikuwa wanapanda gari asubuhi wanaenda kukaa mita mia sita juu ya Kibo Hut, wanateleza, wanakunywa chai ya majani ya koka ya kutuliza kichwa, jioni wako nyumbani. Restoranti ya hapo ikaingia kitabu cha Guinness kama ya juu kuliko zote duniani, mita 5,340.

Kamba yenyewe ilikuwa na sifa mbaya, ina kasi, wewe ndo unajitundika kwa kindoana kwenye waya unaokimbia, ukichelewa inakuangusha. Walikuwa wanaifungua wikiendi tu, Novemba mpaka Machi, msimu wa mvua wa kule, maana ndo msimu theluji mpya inaposhuka na baridi inakuwa na huruma kidogo.

Kwa mtu wa kule, hiyo ilikuwa ndo loji ya skii ya nchi nzima. Hakukuwa na nyingine.

Kijana wa Brazil na vioo vyake

Hapa nitapita haraka ila siwezi kuacha. 1947 kijana wa Brazil wa miaka 22, César Lattes, alipanda Chacaltaya na vioo maalum vya kupiga picha, akaviacha juu kule kwenye kituo cha hali ya hewa vipigwe na miale inayotoka angani. Aliporudi kuvisoma na wenzake, vikawa ushahidi wa chembe inayoitwa pioni, kitu ambacho wanafizikia walikuwa wanakisubiri kwa zaidi ya miaka kumi. Mkuu wa kundi lao la utafiti Uingereza, Cecil Powell, akapewa Nobel 1950. Lattes hakupewa, na hilo watu wa Brazil hawajalisahau mpaka leo. Maabara bado iko pale mlimani, chini kidogo ya kilele, inaendeshwa na chuo kikuu cha La Paz.

Ninachotaka uone ni njia. Bila gari kufika pale juu, hakuna mtu wa kubeba vioo na kurudi navyo salama kirahisi vile. Watu wakifungua njia ya kwenda kucheza, na wengine wanapita hapohapo kwenda kutafuta vitu ambavyo wachezaji hawakuviwaza kabisa.

Ilikuwa ndogo tangu mwanzo

Hili ndo lilinishtua. Nilikuwa nafikiri barafu ya Chacaltaya ilikuwa kitu kikubwa kikasinyaa. Hapana. Mwaka 1940, klabu ikiwa changa kabisa, barafu yote ilikuwa kilomita za mraba 0.22, yaani ekari kama 54. Kuna mashamba ya kahawa yanayoizidi. Na bado hiyo ndogo ilikuwa imekaa pale miaka kama 18,000.

Wanasayansi wa Bolivia na Ufaransa, akina Edson Ramírez na Bernard Francou, walianza kuipima kwa karibu miaka ya mwanzo ya 1990. Kati ya 1992 na 1998 peke yake ikapoteza theluthi mbili ya ujazo wake. Miaka sita!

Jinsi inavyokufa inatakiwa uielewe kwa sababu si kama za Ulaya. Ulaya theluji inashuka msimu wa baridi, inayeyuka msimu wa joto, kila kitu na wakati wake. Milima ya tropiki ya kule kwao inapata theluji na kuyeyuka msimu mmoja uleule, ule wa mvua. Theluji mpya ikishuka mapema inakuwa nyeupe, inarudisha jua lilikotoka, barafu ya chini inapona. Ikichelewa, kama inavyochelewa miaka ya El Niño, jua linaikuta barafu ya zamani iko wazi, chafu, nyeusi nyeusi, na inalimeza lile jua lote. Alafu barafu ikishakuwa ndogo mawe yanaanza kujitokeza pembeni, mawe yanashika joto, joto linaila barafu kutoka ukingoni kuingia ndani, inazidi kuwa ndogo, mawe yanazidi kutokea. Ikifika hapo inajimaliza yenyewe hata kama hali ya hewa isingebadilika zaidi.

Kwa hiyo wakati watu bado wanateleza, wanapiga picha, wanakunywa supu dirishani, hesabu ilikuwa imeshaisha.

Ilikuwa ya nani?

Kuna usiku nilitaka kuacha kabisa kuandika. Nilijiuliza, hivi mi nalilia nini hapa? Skii ni mchezo wa wenye nacho kila mahali duniani, na Bolivia haikuwa tofauti. Wengi wa El Alto ni Waaymara, wengi walishuka au walipanda kutoka vijijini kutafuta maisha, na hawakuwahi kukanyaga zile mbao za skii hata siku moja. Barafu ya Chacaltaya kwisha kumewanyima nini? Klabu imekosa uwanja, basi.

Nikakaa na hilo wazo siku kadhaa, na kwa kweli lina ukweli ndani yake. Halafu nikafika kwenye habari za Novemba 2016, La Paz ilipokaukiwa. Mabwawa yaliyokuwa yanalisha sehemu kubwa ya mji yalishuka mpaka matope yakaonekana, mitaa ikawa inapata maji kwa zamu, watu wamepanga ndoo wanasubiri magari ya maji, serikali ikatangaza hali ya dharura ya nchi nzima. Ule ulikuwa ukame kwanza kabisa, mvua ilikataa. Lakini barafu za milima ile zinachangia kama asilimia 15 ya maji ya La Paz na El Alto kwa mwaka, na kiangazi zinachangia zaidi, sasa ukame ukija ndo unajua ulikuwa unaegemea nini.

Chacaltaya peke yake haikuwa inanywesha mji, ilikuwa ndogo mno. Ila ilikuwa ya kwanza kufika mwisho mbele ya macho ya watu, na hapo ndo kwa mara ya kwanza nikaanza kuona jibu la mjomba.

Milima ya Andes ina barafu ndogo nyingi zilizoisha na hakuna aliyejua siku wala mwaka. Hazikuwa na jina, hakukuwa na njia, mchungaji wa llama alipita mwaka mmoja akaikuta, mwaka mwingine akakuta mawe. Ya Chacaltaya inajulikana dunia nzima kwa sababu ilikuwa na nyumba. Kulikuwa na dirisha linaloiangalia na mtu ndani ya dirisha. Wanaklabu walikuwa wanapigana picha za furaha kila wikiendi, mguu mbele, miwani ya jua, barafu nyuma yao inafika mpaka chini ya loji, na bila kukusudia walikuwa wanaandika daftari la miaka sabini. Ukizipanga hizo picha unaona barafu inapanda juu, inakatika, inabaki kiraka, inabaki mstari.

Wale ndugu walikuwa wanalinda hilo. Mgeni akifika anakuta mtu wa kumwonyesha kwa kidole: ilikuwa inaanzia hapa, inashuka mpaka pale. Mtu ambaye hajakaa pale hawezi kukuonyesha hivyo, na picha bila mtu wa kukuonyesha umesimama wapi inabaki picha tu.

Mwaka uliokosewa huku na kule

Ramírez alikuwa amekadiria ile barafu itafika 2015. Ikaisha 2009, miaka sita kabla.

Sasa njoo kwetu. 2002 mtafiti wa barafu wa Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake, waliotoboa barafu ya Kibo 2000 wakakuta ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, waliandika kwamba kwa mwendo ule barafu ya Kibo itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. 2020 ikapita. Barafu ipo. Nakumbuka watu hapa Moshi wakisema si mnaona, wazungu walitutisha tu, mlima una mwenyewe.

Hapa naomba niongee taratibu kwa sababu naona ndo pana hatari. Yule wa Bolivia alikosea kwa kuipa barafu miaka mingi mno. Huyu wa Kibo alikosea kwa kuipa michache. Ukiangalia tarehe unaweza kusema hawa watu hawajui chochote. Ukiangalia kinachotokea, wote wawili walikuwa wanaona kitu kilekile, na walichokosea ni saa tu. Barafu iliyokuwepo Kibo 1912, mpaka 2007 asilimia 85 ilikuwa imeondoka. UNESCO 2022 wakasema barafu za milima yetu ya Afrika zilizoko kwenye urithi wa dunia, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, kuna uwezekano mkubwa hazitafika zaidi ya 2050. Mi hiyo 2050 siishiki kama tarehe ya mtihani. Inaweza kuwa kabla, inaweza kuwa baada. Nachoshika ni mwelekeo.

Na Kibo haifi kama Chacaltaya. Juu kule ni baridi na kukavu kiasi kwamba barafu nyingi haigeuki kuwa maji, inapaa hewani moja kwa moja kuwa mvuke, na zile kuta zake zilizosimama wima zinaliwa na jua upande mmoja baada ya mwingine kufuata msimu. Shida kubwa ya Kibo kwa zaidi ya miaka mia ni kwamba theluji inayoshuka ni kidogo kuliko inayoondoka, hewa imekuwa kavu, na hewa yetu inategemea Bahari ya Hindi inavyoleta masika na vuli. Pia maji ya mifereji yetu mengi hayatoki kwenye barafu, yanatoka kwenye msitu unaokamata mvua na ukungu katikati ya mlima. Wengi huku tumekua tunaambiwa barafu ikiisha mifereji inakauka. Cha kuogopa zaidi ni msitu kuungua na kukatwa, na huo hauna wageni wa kuupiga picha kama kilele.

Wawili walioshuka Kibo na skii

Nilipomwambia mjomba hili alicheka mpaka akakohoa. 1912, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kushuka wakiteleza na skii. Miaka 27 kabla ya kamba ya Chacaltaya! Ile barafu iliyoko ndani ya kreta inaitwa Furtwängler mpaka leo kwa sababu yake. Kati ya 1976 na 2000 ilipungua karibu nusu, kutoka mita za mraba 113,000 mpaka 60,000, na baadaye ikapasuka vipande viwili.

Kwa nini basi hapakujengwa loji ya skii Kibo? Hakuna barabara. Kilichojengwa ni vibanda vya watu wanaotembea. Wajerumani walikuwa na kibanda cha Bismarck na kibanda cha Peters, leo ni Mandara na Horombo, majina ya wamangi wetu, na ukipita pale unalala, unakula uji, unaendelea. Hivyo vibanda havikujengwa kuangalia barafu, vimejengwa kuangalia njia, na njia itakuwepo. Chacaltaya walijenga kila kitu kikiwa kimeelekea ekari 54, na zilipoondoka nyumba ikabaki imeelekea mawe. Kwa hiyo sidhani Marangu itakuwa kama kule. Wageni watapunguka au hawatapunguka, sijui, lakini watu watapanda kwa sababu ni mlima mrefu kuliko yote Afrika hata ukibaki mwamba mtupu.

Ila huo uzuri una upande wake. Kwa kuwa riziki yetu haijafungwa kwenye barafu, hakuna aliyekaa dirishani. Mgeni anafika Uhuru, kileleni kabisa, alfajiri, anapiga picha na kile kibao, anashuka. Mwongozaji amesimama pale mara mia tatu, mia nne, anajua ukuta upi ulikuwa unafika jiwe lipi mwaka gani, na hajaulizwa. Vituo vya kupima hali ya hewa wameweka watafiti wa kutoka Marekani, na nawashukuru, lakini kumbukumbu ya macho iko Marangu na Machame na Rongai, kwenye vichwa vya wazee wanaozeeka.

Nikaanza na mjomba. Tumekaa jumapili mbili, yeye anaongea mi nachora kwenye daftari la shule, tunaanzia Gilman's Point tunazunguka ukingo kuelekea Stella mpaka Uhuru, kila mahali namuuliza ulipoanza kazi barafu ilikuwa wapi, ulipoacha ilikuwa wapi. Kuna sehemu alikuwa na uhakika mpaka ananyang'anya kalamu achore mwenyewe. Kuna sehemu alisema hapa nitakudanganya, muulize fulani wa kule kijiji cha Mamba, yeye alikuwa anapita upande huo. Huyo wa Mamba nimeshampata, anasema ana bahasha ya picha alizotumiwa na wageni wake kwa posta miaka hiyo, hajazifungua siku nyingi.

Kama kwenu kuna mzee aliyepandisha watu, au kuna albamu ina picha ya Kibo, hata ile imepigwa kutoka shambani au nje ya kanisa siku ya harusi na mlima uko nyuma ya maharusi, itoe. Andika nyuma kwa kalamu ya risasi mwaka, mwezi kama mnaujua, na mpiga picha alisimama wapi. Aliposimama ndo muhimu kuliko vyote, maana hapo ndo mtu mwingine atasimama apige tena. Piga kopi na simu, hiyo ya karatasi mrudishie mzee.

Jumapili ijayo naenda Mamba.